Maziwa Yaliyonisomesha, Tumbo Lililogoma

Mada ya hifadhidata niliyowaahidi naiweka kando kwanza, tutairudia. Leo nataka tuzungumze kuhusu mtambo mwingine, ambao kila mmoja wetu anao na hakuna aliyepewa mwongozo wake: tumbo.

Swali la leo ni hili. Mtu amekunywa maziwa maisha yake yote bila shida. Anayaacha kwa miezi kadhaa, kwa sababu yoyote ile. Siku anayoyarudia, tumbo linajaa gesi, linanguruma, na choo kinakuwa rafiki wa karibu. Kwa nini? Je, mwili umeyasahau maziwa?

Swali hili lilinipata mimi mwenyewe mwaka 2024, na nililifanyia kazi jinsi ninavyofanyia kazi hitilafu yoyote ya programu: kuandika kumbukumbu, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kutoamini jibu la kwanza. Ilichukua siku 40. Mimi si daktari, nina shahada ya sayansi ya kompyuta tu, kwa hiyo soma hii kama hadithi ya mtu mmoja pamoja na mambo ambayo watafiti wamekwisha yaandika.

Mambo yalivyoanza

Juni 2023 niliugua tumbo vibaya, kuhara na kutapika siku nne. Kliniki niliyokwenda jijini Nairobi ilinipa dawa na ushauri: nikae mbali na maziwa wiki mbili hivi ili utumbo upone. Ushauri huo una msingi, nitaueleza hapa chini. Wiki mbili zikapita. Lakini kwa kijana anayeishi peke yake katika chumba kimoja kisicho na friji, chai ya rangi ina faida zake: haifuriki ikichemka, haichachi, na sufuria yake inaoshwa kwa dakika moja. Miezi 11 ikaenda.

Mei 2024 mama akateleza zizini na kuvunjika mkono wa kulia. Mama ni mfugaji huko Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Kwa wasioijua, Kinangop ni nyanda za juu chini ya milima ya Aberdare, ambako asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe na maziwa ndiyo benki ya watu. Mama ana ng'ombe watatu wa Friesian. Kila alfajiri mitungi yetu inasimama kando ya barabara kungoja lori la chama cha ushirika. Karo yangu ya sekondari na sehemu kubwa ya ada ya chuo kikuu ilitoka kwenye mitungi hiyo. Kila mstari wa msimbo ninaoandika leo una ng'ombe nyuma yake, na sisemi hivyo kwa mzaha.

Kazi yangu inafanyika mtandaoni, kwa hiyo nilifunga tarakilishi mkobani nikaenda nyumbani kusaidiana na dada yangu mdogo, aliyekuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu. Kukama saa kumi na moja alfajiri, kukata nyasi, kisha saa tatu mkutano wa video na wenzangu kana kwamba niko ofisini. Wenzangu hawakuona gambuti chini ya meza :-)

Mama ana kikombe cha bati kinachoingia nusu lita. Jioni ya kwanza, kwa mkono wa kushoto, alinimiminia maziwa yaliyochemshwa, kama alivyokuwa akifanya kila nilipofunga shule. Saa moja na nusu baadaye tumbo lilianza kunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Usiku huo nilitoka nje mara tatu, na choo chetu, mjue, kiko mwisho wa shamba.

Swali la mama

Asubuhi mama aliniuliza jambo moja tu: "Ni maziwa yangu?"

Ukiwa mtu wa mjini unaweza usione uzito wa swali hilo. Kwa mfugaji, mtu kuugua baada ya kunywa maziwa yake ni jambo kubwa. Kabla sijajibu alikuwa amekwisha mtuma dada aende kukagua viwele vyote, akitafuta uvimbe, joto au mabonge katika maziwa. Hakuna kitu. Maziwa ya asubuhi hiyo yalipita kipimo cha spiriti na kipimo cha uzito pale ushirika kama kawaida. Dada na shosho walikuwa wamekunywa kutoka sufuria ile ile, wakalala fofofo.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ng'ombe hawa ndio waliokusomesha. Sasa maziwa yao yamekuwa sumu kwako?"

Hakuwa akinigombeza. Alikuwa na hofu, na nadhani alikuwa ameumia. Ningeweza kumjibu, kama wanavyojibu wengi, kwamba siku hizi situmii maziwa. Lakini jibu hilo katika nyumba ile lingesikika kama kusema situmii kwetu. Nilitaka jibu lenye ushahidi, ambalo lingemwondolea mama wasiwasi juu ya ng'ombe wake na kuniondolea mimi safari za usiku.

Sukari yenye ndoa

Haya basi, tuingie ndani ya mtambo wenyewe.

Maziwa yana sukari yake inayoitwa laktosi. Maziwa ya ng'ombe yana gramu 5 hivi za laktosi katika kila mililita 100. Kwa hiyo kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi, na kile kikombe cha bati cha mama kina gramu 24 hivi. Shika tarakimu hizo mbili, tutazihitaji.

Laktosi ni sukari mbili ndogo zilizofungwa pamoja, glukosi na galaktosi. Utumbo mwembamba haupitishi zote mbili zikiwa zimeshikana, lazima zitenganishwe kwanza. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kinachoitwa laktesi. Angalieni vizuri: laktosi ni sukari, laktesi ni kimeng'enya. Aliyeyapa majina haya angekuwa mwanaprogramu ofisini kwetu, tungemrudishia kazi yake!

Laktesi ikiwa kidogo, laktosi hupita hadi utumbo mpana. Huko inafanya mambo mawili. Kwanza inavuta maji, ndiyo sababu ya kuhara. Pili inakutana na bakteria wanaoichachusha na kutoa gesi: hidrojeni, kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani. Ndiyo sababu ya ngurumo, tumbo kujaa, na mengine ambayo hayafai mbele ya watu. Dalili huanza kwa kawaida kati ya nusu saa na saa chache baada ya kunywa. Hospitalini hupima kwa kukunywesha laktosi, mara nyingi gramu 25 au 50, kisha unapumulia kifaa kinachohesabu hidrojeni. Yaani kikombe cha mama kilinipa kipimo cha hospitali bila malipo.

Sasa ule ushauri wa kliniki. Laktesi inakaa kwenye ncha za vinyweleo vya utumbo mwembamba. Maradhi ya kuhara yanapokwangua utumbo, ncha hizo ndizo huumia, na laktesi huchelewa kurudi. Kwa hiyo mtu aliyetoka kuugua anaweza kushindwa na maziwa kwa muda, kisha akapona. Lakini mimi nilikuwa nimepona tangu mwaka uliotangulia. Maelezo hayo hayakunitosha.

Swichi iliyo katika faili ya jirani

Watoto wachanga karibu wote wana laktesi tele. Baada ya kuachishwa ziwa, wengi hupungukiwa nayo kidogo kidogo. Inakadiriwa kuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktesi kidogo. Huo si ugonjwa. Ni hali ya kawaida ya binadamu, na wanaobaki na laktesi hadi uzeeni ndio wenye toleo lililobadilishwa.

Hapa wanaprogramu watafurahi. Jeni inayotengeneza laktesi inaitwa LCT. Lakini swichi ya kuiacha ikiendelea kufanya kazi utu uzima haimo ndani yake, imo ndani ya jeni ya jirani inayoitwa MCM6. Ni kama ukute sehemu moja ya programu inaendeshwa na mstari mmoja uliofichwa katika faili nyingine kabisa, isiyohusiana nayo. Sote tumewahi kurithi msimbo wa namna hiyo.

Na hadithi hiyo inatuhusu sisi. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha katika jarida la Nature Genetics matokeo ya kuwapima watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Badiliko linalojulikana Ulaya halikueleza kwa nini wafugaji wa kwetu wanakunywa maziwa bila shida. Wakapata mabadiliko mengine matatu, karibu na lile la Ulaya lakini si lenyewe. Mojawapo, lililoenea kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, lilikadiriwa kuenea ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, ufugaji ulipofika huku. Yaani tatizo moja lilitatuliwa Ulaya na likatatuliwa tena Afrika Mashariki, bila upande mmoja kunakili wa pili.

Jambo muhimu kwa swali letu: swichi hiyo haijali unachokunywa. Mtu mzima hawezi kuongeza laktesi kwa kufanya mazoezi ya kunywa maziwa, wala hapungukiwi kwa kuyaacha. Ndiyo kusema mwili wangu haukusahau kitu. Kama laktesi yangu ni kidogo, basi ilikuwa kidogo hata nilipokuwa mwanafunzi ninayekunywa chai ya maziwa mara tatu kwa siku.

Sasa mbona wakati huo sikuona shida?

Kache baridi

Wanaosimamia seva wanajua jambo hili. Seva iliyokwisha fanya kazi muda mrefu ina kache iliyojaa, inajibu haraka. Ukiizima na kuiwasha upya, kache ni tupu. Ukiitupia maelfu ya maombi papo hapo, inalemewa, ingawa mashine ni ile ile na programu ni ile ile.

Utumbo mpana una kitu kinachofanana na hicho: jamii ya bakteria. Anayekunywa maziwa kila siku bila laktesi ya kutosha anawalisha bakteria wapenda laktosi. Baadhi yao, kama wale wa kundi la Bifidobacterium, huichachusha bila kutoa hidrojeni. Ukiacha maziwa miezi mingi, chakula chao kinakatika na idadi yao inashuka. Ukirudi na nusu lita kwa mkupuo mmoja, unakutana na kache baridi.

Hili limepimwa. Mwaka 1996 Hertzler na Savaiano waliwapa watu wenye laktesi kidogo laktosi kila siku kwa siku 10, wakiongeza kiasi polepole. Hidrojeni katika pumzi zao ilishuka sana na gesi ikapungua. Laktesi yao haikubadilika, waliobadilika ni wapangaji wa ghorofa ya chini.

Lakini ngojeni, msikimbilie sufuria. Mwaka 1997 Briet na wenzake huko Ufaransa walirudia jambo kama hilo, wakaongeza kundi la pili lililopewa sukari nyingine badala ya laktosi. Bakteria walibadilika kwa kundi la laktosi peke yake, lakini makundi yote mawili yalisema yanajisikia nafuu! Yaani sehemu ya nafuu ilikuwa kichwani. Na mwaka 1995 Suarez, Savaiano na Levitt waliwachukua watu 30 walioamini kuwa maziwa kidogo tu huwaumiza vikali, wakawapa kikombe kimoja kwa siku bila kuwaambia kama kina laktosi au la. Maziwa ya kawaida yalitiwa kiongeza utamu ili ladha zifanane. Dalili zilikuwa ndogo, na tofauti kati ya vikombe haikuwa ya maana.

Mimi nikiona hivyo najua nifanye nini. Nilihitaji jaribio ambalo mimi mwenyewe sijui ninakunywa nini.

Kumbukumbu za siku 8 za kwanza

Kwanza nilifungua lahajedwali. Alama 0 ni amani, alama 5 ni kukimbia.

Siku ya 1: maziwa ml 500, tumbo tupu. Alama 4.
Siku ya 2: chai ya rangi tu. Alama 0.
Siku ya 3: maziwa ml 250, tumbo tupu. Alama 3.
Siku ya 4: chai ya maziwa, maziwa ml 125 na maji. Alama 0.
Siku ya 5: maziwa ml 250 pamoja na ugali na sukuma. Alama 1.
Siku ya 6: mala ml 250. Alama 0.
Siku ya 7: githeri, chai ya rangi, bila maziwa. Alama 3.
Siku ya 8: chai ya rangi, wali. Alama 0.

Watumiaji wa git wataitambua njia hii ya kugawa mara mbili, ile ya git bisect: ukiwa na mabadiliko 1,000, majaribio 10 tu yanatosha kukufikisha kwenye lenye hitilafu. Hapa niligawa kikombe: 500, 250, 125. Mpaka wangu ulikuwa mahali fulani karibu na mililita 250, na chakula kiliusogeza juu.

Tazameni siku ya 7. Hakuna tone la maziwa, na alama ni 3. Maharagwe yana sukari zake, rafinosi na nduguze, ambazo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya chake. Kama siku hiyo ningekunywa chai ya maziwa juu ya githeri, ningemshtaki ng'ombe kwa kosa la maharagwe. Nadhani kesi nyingi za maziwa ni za namna hiyo. Katika chakula cha kwetu maziwa na maharagwe hukutana karibu kila siku, na mmoja anabeba lawama za wote wawili.

Jaribio la dada

Nilinunua Naivasha pakiti za maziwa yasiyo na laktosi. Hutengenezwa kwa kutia laktesi ndani ya maziwa kiwandani, laktosi ikavunjwa kabla hujainywa. Ladha yake ni tamu zaidi kidogo, kwa sababu glukosi na galaktosi zikiachana ni tamu kuliko zikiwa laktosi. Utamu huo ungenitobolea siri, kwa hiyo tulikunywa kama chai: maziwa matupu bila maji, majani, tangawizi kwa wingi, na sukari ya Kinangop (yaani nyingi).

Dada alirusha sarafu kila jioni. Kichwa, maziwa ya nyumbani. Mkia, maziwa ya pakiti. Aliandika katika daftari lake, mimi nikaandika alama katika langu. Hakucheka hata mara moja, atakuwa mwalimu mkali.

Siku 12, kikombe cha mililita 250 baada ya chakula. Tulipofungua madaftari: siku 7 zilikuwa za maziwa ya nyumbani, na katika hizo 2 nilikuwa nimeandika alama 2. Siku 5 zilikuwa za pakiti, na katika hizo 1 nilikuwa nimeandika alama 2. Kwa maneno mengine, kwa kikombe kimoja sikuweza kutofautisha.

Kisha siku 6, mililita 500. Maziwa ya nyumbani yalitokea siku 3, na zote 3 zilipata alama 3 au zaidi. Maziwa ya pakiti siku 3, zote alama 0. Hapo hapakuwa na mjadala.

Wataalamu wa takwimu msinicheke, najua siku 18 za mtu mmoja si utafiti. Lakini zilinitosha mimi, na zinakubaliana na yale ambayo wataalamu wa lishe husema: wengi wenye laktesi kidogo huweza gramu 12 hivi kwa wakati mmoja, hasa pamoja na chakula. Gramu 12 ni kikombe. Gramu 24 ni kikombe cha mama.

Mama anamaliza maelezo

Jioni hiyo nilikaa jikoni kumweleza mama. Nilikuwa nimejiandaa na mchoro. Nilipofika kwenye bakteria wanaozoea chakula fulani na kupungua wakikikosa, alinikatiza.

"Kwa hivyo wewe ni ng'ombe aliyebadilishiwa chakula ghafla."

Kila mfugaji anajua. Ng'ombe aliyezoea nyasi kavu ukimpa nafaka nyingi au majani mabichi ya kuponda siku moja, tumbo linavimba, na unaweza kumpoteza. Lazima uchanganye kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili ili vijidudu vya tumboni mwake vizoee. Mama amefanya hivyo miaka 30 bila kusoma jarida lolote. Mimi nilikuja na seva na kache, yeye akaja na ng'ombe, na mfano wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Kisha akageuka kwa shosho, aliyekuwa akiota moto, akamwuliza mbona yeye huwa hanywi maziwa matamu. Shosho akasema hayo ni ya watoto na ndama, mtu mzima anakunywa yaliyolala au anatia katika chai. Miaka yote hiyo nilidhani ni ladha tu. Maziwa yakilala, bakteria wanakula sehemu ya laktosi, na wanaobaki hai wanaingia tumboni na vimeng'enya vyao vinavyosaidia kuvunja iliyosalia.

Mama hakusema mengi zaidi. Asubuhi iliyofuata lilipopita lori, nilimsikia akimwambia jirani, kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa pale, kwamba kijana wake amepima maziwa ya nyumbani kwa siku 18 na hayana ubaya wowote. Hofu ilikuwa imemtoka.

Siku 14 za mwisho nilipanda ngazi polepole, kuanzia mililita 125 na kuongeza kidogo kila siku mbili. Siku ya 40 nilikunywa mililita 400 baada ya ugali, alama 1. Sehemu hii haikuwa ya siri, kwa hiyo onyo la Briet linanihusu na mimi.

Kwa anayetaka kurudia maziwa

1. Anza na chai iliyochanganywa nusu maji. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 6 tu za laktosi. Ongeza polepole kwa wiki mbili.

2. Kunywa pamoja na chakula, na ugawe. Vikombe viwili, asubuhi na jioni, si sawa na nusu lita kwa mkupuo.

3. Mala na mtindi huvumilika zaidi. Jibini ngumu ina laktosi kidogo sana, na samli karibu haina.

4. Kuchemsha hakuondoi laktosi. Lakini chemsha tu! Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu.

5. Maziwa ya unga hayajapunguzwa laktosi, yameondolewa maji tu. Vijiko viwili vya kuchota kwa wingi ni sawa na kikombe kidogo.

6. Andika. Saa, kiasi, na chakula kingine ulichokula. Hasa maharagwe.

7. Mzio wa protini ya maziwa ni jambo jingine kabisa. Ukivimba midomo, ukitoka vipele au ukibanwa pumzi, usijaribu tena nyumbani, nenda hospitali. Vivyo hivyo ukiona damu kwenye choo, homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku. Hayo hayaponywi kwa lahajedwali.

Mkono wa mama umepona, nami nilirudi Nairobi na chupa ya mala mkobani. Aliye na jaribio lake mwenyewe aniandikie, nitafurahi kulisoma. Wiki ijayo ni hifadhidata, naahidi.

Alamsiki!